Kabine ya Mama kwenye Bato ya Bukavu

Yaya Paluku,

Tunakusalimia sana toka Bukavu. Tulifika salama, na mama ameanza kula.

Kwenye bato ya kuvuka ziwa tulipata nafasi chini, kwenye mabenchi. Kila mara injini ilipotetemeka, mama alinishika mukono akidhani ni udongo wa Goma unatikisika tena. Tangu volkano ilipoamuka hajalala vizuri. Papa mumoja, mufanyakazi wa bato, akaniambia kwamba juu inabaki kabine moja yenye kitanda, lakini ni kuongeza pesa. Niliogopa kugusa zile ulitupa za kupanga nyumba. Mama naye akakataa: "Kitanda cha safari ya muchana tu, ya nini?" Nikatazama macho yake mekundu, nikalipa.

Hakumaliza hata kuvua viatu. Alilala mupaka tukaona milima ya Bukavu, akikoroma kama zamani.

Yule papa alimufunika blanketi, akaniletea chai bila kuombwa. Wakati wa kushuka nikamupa matabishi, pesa kidogo ya kumushukuru. Akayarudisha mukononi mwangu, polepole, akaniambia:

"Dada, matabishi ni ya mutu mwenye kusafiri kwa kupenda. Nyinyi mulikimbia."

Mama akamuwekea mukono kichwani, akamubariki kama mutoto wake.

Yaya, tunajua ulibaki Goma kutulindia nyumba. Lakini udongo ukitikisika, acha hata mulango wazi, ukimbie. Nyumba tutajenga ingine. Wewe hatutapata mwingine.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Kahindo