Shemeji Anacheka, Picha za Watoto Zimeanikwa

Mshauri, nisaidie kabla sijavunja undugu. Mimi ni Mwanne wa Tabora mjini, kazi yangu ni kuwaelekeza wenye maduka ya mtandaoni wafuate sheria za kulinda watoto, kazi ambayo sikurithi kwa mtu, nimeianzia kwenye meza ya kusajili laini za simu na leo maduka thelathini na moja yananitegemea, hakuna hata moja lililopata lawama, najivunia hilo na simwombi mtu radhi. Sasa shemeji yangu Kulwa wa Ziba, aliyemuoa mdogo wangu, anauza sare za shule mtandaoni, kaanzisha shindano watoto watume wenyewe picha, jina, shule na namba ya simu, vyote anavibandika wazi, mshindi apate begi. Nikamwambia bila idhini ya mzazi hairuhusiwi, afute, akacheka, "Shemeji, umekosa mume sasa unatafuta kesi!" nami nikamrudishia kwa utani wetu, "Msukuma wewe, ng'ombe wako unawafungia zizini, watoto wa watu unawaanika barabarani!" tukacheka, picha zikabaki, mia mbili na kumi na mbili. Juzi binti mmoja wa Goweko kapigiwa simu na mwanaume asiyemjua, akamwita kwa jina, akamtajia na shule. Na bado Kulwa anataka nimwandikie barua kwamba ukurasa wake ni salama, apokelewe kwenye soko kubwa la mtandaoni, mdogo wangu analia kwamba nikikataa nimewanyima wanawe chakula. Nifanyeje?

JIBU: Mwanne, pole, na kazi yako ni ya kujivunia kweli. Ila nikugombeze kidogo. Neno la kazi umelisema kwa mdomo wa utani, halafu unashangaa limepokelewa kwa kicheko? Yule aliyempigia binti wa Goweko hatanii.

Barua usiandike. Wale thelathini na mmoja wanategemea jina lako, na huyo binti pia. Leo hii mfuate dukani, si nyumbani. Usimwite shemeji, mwite Bwana Kulwa, na chai yake usinywe. Mwambie aushushe ukurasa wewe ukiwa umesimama hapo hapo, wazazi wote wapigiwe, na namba ya yule mwanaume ifike polisi, dawati la watoto. Shindano akilitaka tena, picha itumwe na mzazi, sura na shule ya mtoto visionekane. Mdogo wako mwambie hata wanawe wana sura na majina ya kuanikwa.

Picha ya mwisho ikishafutwa, kunywa chai, umrudie na ile ya ng'ombe. Hapo ndipo mcheke.