Pikipiki ya Zahanati Ilivyogoma

Jumatano, Simbo

Pikipiki ya zahanati imegoma tena kwa baridi ya asubuhi. Nilivuta choki, nikafungua plagi nikaifuta kwa kanga, nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Kimya.

Consolata, mkimbizi aliyevuka kutoka Burundi wiki hii, alikuwa akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mumewe aliisukuma pikipiki mteremkoni mara tatu.

“Basi, dada nesi,” akasema. “Nitambeba.”

Akamfunga mgongoni kwa kitenge, akaelekea hospitali ya Kigoma. Mtoto mchanga tukamwacha kwa jirani wa zahanati.

Jua lilipopanda, injini ikawaka kwa kiki moja. Niliwakuta kando ya barabara. Consolata alikuwa ameshafariki.

Mumewe hakunilaumu. Aliniuliza tu kama pikipiki itaweza kumrudisha mkewe kwa mtoto wao.

Nilikuwa sijathubutu kuizima.