Uji wa Kaltumi

Kisumu, 9 Februari 1975

Mwanangu Safinah,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kumnusa mdomo mtu anayeyumba. Wakipata harufu, hukumu imekwisha: mlevi. Wasipoipata, husema amekunywa cha bei ghali.

Nisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya salamu. Barua yako imenishtua. Hujambo? Mama yako Kaltumi hajambo, pamoja na hasira zake? Mimi nipo. Magoti yananung'unika, lakini hospitali ya misheni hapa bado wananiachia wauguzi wao niwafundishe, kama nilivyokuwa nikifundisha huko kabla ya kuondoka.

Unaniambia baba yako Taban hupepesuka ghafla hadi anashika ukuta, maneno yanamteleza, kisha baada ya muda anakuwa mzima kama hakuna lililotokea. Tena shati lake linanuka waragi. Na mama yako ameapa mbele ya wanawake wa mtaa kwamba hatamwekea chakula kwa mkono wake mpaka yeye aape kwa Msahafu kuwa hanywi. Naye, kwa kiburi chake, amekataa kuapa. Safinah, nimemjua Taban tangu tulipokuwa vijana katika kambi ya polisi Nsambya. Ndiye aliyenivalisha kanzu yake na kofia yake, askari wakinisaka, nikavuka mpaka wa Busia nikiwa hai. Mtu yule hanywi.

Sasa nikueleze, maana hili ndilo ninalolijua. Nyuma ya kichwa, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo usiozidi ngumi. Huo haushughuliki na siasa wala mahari. Kazi yake ni kupima. Baba yako akiwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa, na viwili hivyo vinapatana bila yeye kuvifikiria. Mpatanishi ni ubongo mdogo. Mbele yake kuna shina la ubongo, nene kama kidole gumba, ambamo hupita amri za kutembea, kusema, kumeza na kupumua. Vyote viwili hulishwa na mishipa inayopanda ndani ya mifupa ya shingo. Mshipa ukiziba kidogo, mtu huyumba kama mlevi. Ukizibuka, anapona. Ukiziba kabisa, ndipo penye msiba.

Basi mpime. Mwombe aguse kidole chako, kisha pua yake, arudie. Muulize kama anaona kitu kimoja kuwa viwili, na kama kisogo kinamuuma. Jibu lije kwa mkono wa Obwona wa reli. Posta tuiache, unajua nani husoma barua kabla yetu.

Baba yako mkubwa,
Fabiano Okeny


Nateete, 20 Februari 1975

Kwako Baba mkubwa,

Pokea salamu za sote wa Nateete. Sukari hatuioni, sabuni imekuwa hadithi, lakini tunaamka. Magoti yako je? Jirani yetu Mama Akidi anasema uyakande kwa maji ya chumvi.

Nilimpima. Alikipita kidole changu akagusa hewa, akacheka. "Safinah, umekihamisha." Sikukihamisha, Baba mkubwa. Alipotafuta pua, alijichoma karibu na jicho. Mama alikuwa mlangoni na ufagio wake.

"Wallahi, mlevi wa kawaida angeipata!" akasema.

"Nilioa mke," Baba akamjibu, "sikuoa kadhi."

Anaona sindano mbili, na uzi anautia kwenye ile isiyokuwepo. Kisogo kinamuuma tangu Idi. Na ile harufu nimeifuata hadi mwisho: haitoki mdomoni, inatoka kwenye kola. Mama Akidi humpa waragi katika kichupa cha dawa, naye anajisugua kisogoni ili maumivu yapoe. Aliona haya kusema kwamba kitu hicho kimeingia nyumbani mwetu.

Nilipomweleza Mama, alikaa juu ya ndoo. Kisha akasema, "Nimekwisha apa, mwanangu. Kiapo si leso, uivue unapotaka. Aseme neno moja tu, nimpakulie." Baba alisikia akiwa ndani. "Kama ananiamini, neno la nini?" Basi chakula nakipeleka mimi, na Mama anasimama nyuma ya pazia kuangalia kama amemaliza.

Hospitali ya Mulago hataki kwenda. Anashona sare za kapteni mmoja wa kambi ya jeshi ya Mbuya. Juzi askari alirudisha shati, mfuko umekwenda upande. "Mzee, wewe nachezea afande? Hii mfuko inaangalia wapi?" Baba anasema akiacha kazi hiyo watamfuata, na hawatapiga hodi.

Niambie la kufanya.

Binti yako,
Safinah


Kisumu, 25 Februari 1975

Mwanangu Safinah,

Nakusalimu kwa neno moja: salama. Mengine baadaye.

Kisogo ndicho nilichokuwa nakiogopa. Siku utakayoipata barua hii, mpeleke Mulago, hata kwa kubebwa, hata akitukana. Waambie huyumba ghafla kisha akapona, anaona viwili viwili, na kisogo kinauma. Wampime presha kwanza. Kapteni akiudhika, mwambieni mzee anaumwa kichwa, akaone mwenyewe. Shati linasubiri. Mshipa hausubiri.

Baba yako mkubwa,
Fabiano


Mulago, 12 Machi 1975

Kwako Baba mkubwa,

Natumaini u mzima. Sisi tupo, siwezi kusema zaidi.

Treni ya Obwona ilizuiwa Tororo, na barua yako ilinikuta tukiwa tayari hapa hospitali. Baba aliangukia cherehani, mkono ukiwa bado kwenye gurudumu. Sasa hasogezi mkono wala mguu. Hasemi. Anapumua, na macho yako wazi. Daktari anasema ni lile shina uliloniandikia. Wanamlisha kwa mpira mwembamba unaopita puani. Kapteni alituma mtu. Akamtazama Baba, akachukua kitambaa chao, akaenda zake.

Ami Asuman, mdogo wake Baba, alisimama miguuni pa kitanda akasema kwa sauti yake ile ya sokoni, "Huyu amekwisha kwenda. Sasa cherehani nani anachukua?" Nikaona chozi limetoka katika jicho la Baba. Asuman akasema ni vumbi.

Lakini linaloniuma zaidi ni Mama. Sheikh wetu alimwambia kiapo chake kina kafara. Akalisha maskini, akakifungua. Siku iliyofuata akaja na uji wa mtama kwenye birika. Sukari aliipata wapi, sikuuliza. Aliketi kando ya Baba, akachota kijiko, akakipuliza, akakipeleka kwenye midomo ambayo haikufunguka. Muuguzi, anaitwa Alal, akamdaka mkono. "Hapana, Mama! Hapana!" Uji ukamwagika kwenye shuka.

Mama alitoka akakaa kwenye ngazi. "Mungu amenifungulia," alisema, "yeye bado ananikataa." Tangu hapo haingii wodini. Anafika na birika hadi mlangoni, anasimama, anarudi nalo nyumbani limejaa. Anaamini Baba hamjui tena. Au anamjua, na amemfungia moyo.

Baba mkubwa, mtu wa namna hii anasikia?

Binti yako,
Safinah


Kisumu, 17 Machi 1975

Mwanangu Safinah,

Safari hii nakusalimu kwa utulivu: hujambo, na umekula? Anayeuguza naye ana tumbo. Mpelekee salamu Alal, amefundishwa vizuri.

Kuna kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko lile la harufu: kudhani kwamba asiyejibu hasikii. Upande wa mbele wa shina ukiumia, amri za mikono, miguu na ulimi hukatika njiani. Lakini akili iko juu, haijaguswa. Masikio yanaleta habari kama kawaida. Na amri ya kuinua macho hutoka juu kidogo ya jeraha, kwa hiyo mara nyingi hubaki. Chozi lile halikuwa vumbi. Mwambie Asuman habari za cherehani akazisemee nyumbani kwake.

Msogelee baba yako, umwambie: kutazama juu ni ndiyo, kutazama chini ni hapana. Kisha mwambie kuwa Fabiano ameuliza kama anakumbuka kwamba ile kanzu aliyomvalisha ilikuwa fupi, na vifundo vya miguu vilionekana mpaka Busia. Akitazama juu, ujue amecheka.

Usimuulize kama alikunywa. Wala mama yako asimuulize. Mtu asiye na ulimi haapishwi na watu wanaojua jibu.

Sitakudanganya kwamba atarudi kwenye cherehani. Wachache hupata nafuu, polepole; wengi homa ya mapafu huwachukua. Ndiyo maana Alal alimdaka mama yako mkono. Mlango wa kumeza umelegea, na kijiko kile kingeishia kwenye pumzi yake. Mweleze Kaltumi hivyo, neno kwa neno: si Taban aliyemkataa, ni koo. Na yule anayesimama mlangoni kila siku na birika, Taban anamwona. Hana njia ya kumwita aingie.

Ule mpira wa puani una mdomo wake wa nje. Mgonjwa akiinuliwa kichwa na kifua, na muuguzi akiisha kuhakikisha kwamba mpira uko tumboni, uji mwepesi uliochujwa humiminwa humo kwa bomba la sindano, taratibu. Hakuna sheria isemayo mkono lazima uwe wa muuguzi.

Siku utakayoipata barua hii, mama yako akifika mlangoni na birika, mshike mkono, mkalishe pale Taban anapoweza kumwona, Alal asimame kando yake, umpe lile bomba. Amimine yeye.

Baba yako mkubwa,
Fabiano