Desemba Imefungiwa Ndagala

Rumonge, 3 Julai 1913. Asubuhi ukungu ziwani, baridi kidogo, upepo hakuna.

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla mwalimu wetu hajajua, kwa maana Januari alitupa sisi tunaongoja ubatizo kila mtu kalenda ya misheni, ile nene ya kutundikwa ukutani, yenye karatasi moja na neno moja kwa kila siku, akasema soma, chana, tia alama, hifadhi, na atakayeleta karatasi zote Krismasi atabatizwa, nami nikasoma siku mia moja sabini na mbili bila kuruka, hata siku ya homa, na kila siku nikaandika saa katika daftari langu.

Basi Jumapili tarehe 22 Juni akaja Kulthumu wa Magara, anayenunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mama mkwe wangu, Mama Chausiku, ameshika karatasi inayonuka samaki, akasema, "Mwenzangu, mkweo amenifungia ndagala kwa barua. Wewe umesoma, hebu nitazamie nani ananiandikia," nikaitazama, ni 24 Desemba, nikampokonya, nikakimbia ukutani, nikakuta mwaka wangu unaishia tarehe tisa Septemba, kumbe Mama Chausiku amekuwa akichana kutoka nyuma. Nilipomuuliza akajibu bila haya, "Kiangazi hiki majani ya migomba ya kufungia samaki yanapasuka, mwanangu. Nawe kwa siku wachana moja tu. Hizo za chini nikaona zinakaa bure." Nikamwita mwizi wa Neno la Mungu, yeye Mwislamu anayeswali mara tano kwa siku, akasema, "Ninyi husema neno hilo liwafikie watu wote. Mimi nimelifikisha Magara. Wewe umelifikisha wapi? Ukutani."

Tangu siku hiyo simwamkii, na jiko letu ni moja, na mume wangu Feruzi anakula mlangoni kama mgeni. Na lililo baya zaidi, kwa hasira sijasoma hata mstari mmoja, lakini karatasi zote kumi na moja za siku hizo nimezichana na kuzitia alama, na daftarini nimeandika "nimesoma, saa kumi na mbili na robo". Je, niziandike karatasi za Desemba kwa mkono wangu? Jana nililala saa saba usiku.

Sikujua, mke wa Feruzi

JIBU

Bibi Sikujua,

Jina lako ni Sikujua, lakini hili la alama kumi na moja ulijua. Pole kwa Desemba yako. Mama mkwe angeuliza kwanza. Lakini yeye alichana karatasi ambazo machoni pake zilikuwa karatasi tu. Wewe umelidanganya daftari lako mwenyewe, ambalo halikukukosea kitu.

Usiandike Desemba ya bandia. Mwalimu ana macho. Maneno yale yametolewa katika Injili, na Injili unayo, hakuna aliyeifungia samaki. Soma humo kuanzia kesho, na siku ukiruka, andika "nimeruka". Mwalimu mwambie yote, pamoja na zile kumi na moja. Akiahirisha ubatizo, ngoja. Ziwa halikauki.

Leo, kabla hujala, mwamkie Mama Chausiku. Usianze na kalenda, anza na shikamoo. Kisha zisome zile kumi na moja, kwa kweli safari hii, uziweke pamoja na zile mia moja sabini na mbili, umpelekee zote sokoni afungie ndagala. Ndiyo, zote. Zimekwisha kusomwa, nazo sasa ndizo zinazokaa bure. Keti kando yake, na kila mnunuzi msomee karatasi yake kabla samaki hawajatiwa ndani. Mama mkwe atanung'unika kwamba unamchelewesha. Vumilia, ulimwita mwizi.

Anza na Kulthumu. Alikuuliza nani anamwandikia, nawe, mwanafunzi wa ubatizo, ukatazama tarehe. Mrudishie barua yake, umjibu. Usiku andika saa uliyolala. Sidhani itafika saa saba.