Nilifuta ile ya zamani

Alhamisi.

Ni mimi niliyeifuta, hakuna mwingine wa kusingiziwa.

Seva ya kituo cha afya ilikuwa imejaa, kerneli mpya, ile programu inayoiwasha seva, ikakosa pa kukaa. Nikafuta za zamani zote, nikajiona mtu msafi. Wiki tatu nzima betri iliishikilia seva kila umeme ulipokatika, kwa hiyo haikuzimika, na ile mpya haikuwahi kujaribiwa. Leo asubuhi betri haikushika. Umeme uliporudi seva ikawaka na kerneli mpya, na hiyo mpya haiioni diski. Ya zamani ilikuwa inaiona vizuri. Ningekuwa nayo, ningeichagua tu, basi.

Nimejaribu kuiwasha kwa flashi mara nne. Diski haionekani. Kadi za wajawazito wote wa hapa Minago ziko humo, na sijui kama...

Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi. Nikamwambia Mama Esperansi, muuguzi wa mapokezi, kwamba hakuna kitu. Hakunigombeza. Aliinama chini ya meza, akatoa rejista ya karatasi, ileile niliyomwambia mwaka juzi aitupe.

"Kurasa iko bado," akasema. "Mimi nilikaa kambi ya wakimbizi Tanzania, mwanangu. Mutu wa kambi hatupake karatasi."

Akaanza kuwaandika upya, mmoja mmoja, akiwauliza mambo ambayo wengi wao hawayakumbuki tena.

Na mimi nilizaliwa kambi hiyohiyo.