Jina la Kalamu Kwenye Zamu ya Maji

Jumatatu, 3 Februari
Kama kawaida. Asubuhi nimezunguka mashamba ya mradi wetu wa umwagiliaji, nikaandika kwa kalamu nani anataka maji. Mchana nikaingiza kwenye kompyuta. Printa imekwama tena. Meneja ako mjini Wote kwa mafunzo mpaka wiki ijayo.

Jumanne, 4 Februari
Syombua, mkulima wetu mmoja, amekuja ofisini. Hayumo kwenye zamu ya maji ya wiki hii. Wiki iliyopita pia alirukwa. Mumewe alizikwa Desemba, na tulipoandika kwamba amefariki, kompyuta ikalifunga shamba, maana liko kwa jina la marehemu. Kubadilisha jina ni meneja peke yake, kwa paswadi yake. Nimempigia. Hapatikani. Nyanya za Syombua ziko kwenye maua.

Jumatano, 5 Februari
Nimeandika jina lake kwa kalamu chini ya karatasi iliyochapishwa. Nikagonga muhuri. Nikampelekea Kyalo, anayefungua mifereji. Amekataa.
"Dada, ya kalamu siwezi. Mwaka jana watu walijiandika wenyewe, nikapewa barua ya onyo mimi."
Ningekuwa yeye ningekataa pia. Bado nimemkasirikia.

Ijumaa, 7 Februari
Jua kali. Meneja ameshika simu hatimaye. Amesema nimwandikie imeili. Nimeandika. Kimya. Nikampigia tena, nikamwomba paswadi. Amesema nikiigusa nitafutwa kazi. Nina watoto. Nikakata simu.
Syombua ameshinda kwenye benchi letu la nje. Nadhani anaogopa kwenda kuangalia shamba. Nimempelekea chai. Hakuinywa. Kila nikiinua macho kutoka kwa kompyuta namwona.

Jumamosi, 8 Februari
Nimepita kwake. Yeye na binti zake wanateka maji mtoni kwa mitungi. Mistari miwili tu imelowa, na shamba ni kubwa. Nimebeba nao hadi mgongo ukakataa. Bure tu.

Jumatatu, 10 Februari
Meneja amerudi. Amebadilisha jina hata kabla hajavua koti. Akaniuliza kwa nini nimenuna. Nimeenda kulia chooni.
Zamu ya Syombua ni Alhamisi. Nimeomba isogezwe. Amesema mpangilio ukishatoka, umetoka.

Alhamisi, 13 Februari
Kyalo amefungua maji mapema, bila kuniangalia. Nyanya zilikuwa zimekauka, Syombua ameshazing'oa na kuzirundika pembeni. Tulisimama tukaangalia maji yakiingia kwenye matuta matupu. Aliniuliza kama mchicha huota haraka.
Nikamwambia ndiyo. Akaenda nyumbani kutafuta mbegu.