Masika na Paka Wake

Jumatatu, 5 Januari 2015

Joto. Vumbi la malori ya mpaka wa Kongo limeingia mpaka kwenye sanduku la uzi. Sare kumi na mbili zimekatwa, tano zimeshonwa, pindo bado. Shule zinafunguliwa mwezi ujao na kila mama wa Bwera anataka ya mwanawe iwe ya kwanza.

Kiazi, paka wangu, amelalia kitambaa cha bluu tena. Ana mimba, tumbo linaburuza. Sina moyo wa kumfukuza. Nakata nikimzunguka.

Saa kumi watoto walijaa barazani kwangu. Likizo yote ni hivyo: wao wananichambulia vifungo, mimi nawapa hadithi za kutisha. Zile za marehemu baba zimekwisha. Alitoka Kenya kuja kufanya kazi mgodini Kilembe, akawa anarudi nyumbani kila jioni na sauti za watu waliofukiwa chini. Niliwahi kukojoa kitandani kwa sababu yake na bado nikamwomba nyingine. Leo Jeneti, binti wa jirani yangu Biira, alipiga miayo katikati. Kupigiwa miayo mimi! Nimeumia.

Jumatano, 7 Januari

Nimetunga mpya. Asubuhi nzima mguu uko kwenye cherehani na kichwa kiko kwingine. Mkono wa shati moja nimeushona kinyume, nimefumua.

Kuna bibi mmoja ana paka. Mchana, mama akienda shambani, bibi humtuma yule paka. Anaingia kwa dirisha, anapanda kifuani kwa mtoto aliyelala, anakunywa pumzi yake. Polepole, kama maziwa. Kisha anarudi kumtemea bibi mdomoni, na bibi hafi kwa uzee.

Wakataka jina la bibi. Nikasema Masika. Huku kila binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, hakuna anayechaguliwa jina hilo. Nilidhani ni sawa na kusema fulani. Barazani kwangu tu walikuwepo Masika wawili, wakaanza kusukumana na kucheka. Paka nikampa rangi ya majivu, kwa kuwa Kiazi alikuwa mbele yangu.

Nilipofika kwenye kunywa pumzi hakuna aliyecheka. Jeneti alijificha chini ya meza ya kukatia. Nimefurahi mno. Baba angenipigia makofi.

Jumamosi, 10 Januari

Bibi Masika kaleta sketi nimtilie mpira mpya kiunoni. Huyu wa kweli, Mkongo, alikimbia vita upande wa Beni, anakaa chumba kimoja nyuma ya kanisa na anauza sombe, yaani kisamvu, sokoni. Paka sita. Kiazi alizaliwa kwake, mama yake ni yule mkubwa wa majivu. Aliponipa alikataa nimchukue bure, alisema paka wa bure hakai. Nikampa chumvi kilo moja. Kiazi akakaa.

Leo hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni akaniuliza:

“Mutoto yangu, batoto ya hapa beko nanikimbia. Jana moja alinitupia jiwe. Sijue juu ya nini.”

Nikamwambia watoto wa likizo wamekosa kazi, shule zikifunguliwa watatulia. Akaitika. Alipotoka nilitia uzi sindanoni. Sikupenda kile nilichokuwa nakiwaza, nikaendelea na pindo.

Jumanne, 13 Januari

Siku ya soko. Bibi karudi na sombe yote kichwani. Hakuna aliyenunua.

Mtoto mchanga wa Biira anabanwa kifua. Miezi minne. Mume wake yuko Mubuku kwenye mpunga, hajafika. Nimempeleka Biira kliniki kwa bodaboda, nimembebea mfuko. Wamempa dawa ya maji. Vumbi hili linaua hata watu wazima.

Alhamisi, 15 Januari

Mtoto amekufa saa saba mchana. Biira alikuwa kisimani.

Saa saba mchana. Mama hayupo. Dirisha wazi kwa ajili ya joto.

Sijala.

Ijumaa, 16 Januari

Tumemzika huko Karambi, kijijini kwa wakwe wa Biira. Kaburi dogo, wanaume wawili tu walitosha kuchimba.

Wakati wa kuosha sufuria mama mmoja nisiyemjua alikuwa anasimulia. Sauti ya chini, kichwa kimeinama. Paka wa majivu kwa dirisha. Kupanda kifuani. Kunywa pumzi polepole, kama maziwa. Kama maziwa! Hayo ni maneno yangu, niliyaweka mwenyewe nikifumua mkono wa shati. Yametoka kwa watoto, yakaenda kwa mama zao, yamenirudia Karambi kwa mdomo wa mtu mwenye majivu mikononi. Wenzake wakataja jina, kisha wakataja nyuma ya kanisa.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaendelea kuisugua. Mimi mwoga.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda kusema. Biira alikuwa amekaa chini na wakwe zake na chairman wa kijiji alikuwepo, nikaona ndiyo nafasi. Nikasema yote. Kwamba hadithi ni yangu. Kwamba hakuna bibi wala paka, nilitunga kwenye cherehani ili niwatishe watoto, na jina nililiokota tu.

Biira akanishika mkono. Macho yamemvimba mpaka hayafunguki vizuri.

“Fundi, wewe ulijua mbele. Mtoto yangu ilikuwa bado mzima na wewe ulisema yote, paka, dirisha, saa. Mungu ilikuonyesha. Sisi ndio hatukusikia.”

Nikasema hapana. Nikaapa kwa kaburi la baba. Shemeji yake akasema watu wanaoonyeshwa hivi huwa wanakataa, wanaogopa mchawi atawalipizia kisasi. Mama mkwe akaniombea ulinzi. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, na mwisho hata chairman alikuwa ananiandika kwenye daftari lake kama shahidi.

Nilikwenda kuzima moto na petroli mkononi. Najichukia.

Jumapili, 18 Januari

Wakati wa misa ya kwanza vijana walimwaga dagaa wa mukene waliotiwa sumu ya panya nyuma ya kanisa. Paka watano wamekufa. Wa sita, yule wa majivu, walimpiga kwa mawe, maana hakula.

Bibi kawaweka kwenye gunia, kakaa nalo mlangoni. Sikwenda. Nilimwona kwa pembeni ya ukuta nikageuka.

Kisha wakaja kwangu kuuliza kuhusu Kiazi. Kwa heshima kabisa. Nikasema naye amekula, amekufa, nimemzika nyuma ya choo. Nilikuwa nimeshafukia bunda la vipande vya kitambaa. Hawakuchimba. Neno langu lilitosha.

Kiazi yuko chini ya kitanda, ndani ya boksi la vipande. Dirisha limefungwa. Chumba kinawaka.

Jumatatu, 19 Januari

Chairman kampa Bibi mpaka kesho. Alinieleza kana kwamba ananifariji:

“Madam, mimi sitaki damu kwa kijiji yangu. Aende kwao, itulie.”

Kwao ndiko kwenye vita alivyovikimbia. Kila wiki watu wanavuka daraja kuja huku na magodoro kichwani, wanaeleza habari za mapanga. Chairman anawaona, ofisi yake inatazama barabara. Nilimwambia hivyo. Akasema nimekonda, nipumzike.

Jumanne, 20 Januari

Bibi kapita kuchukua sketi. Furushi moja, sufuria moja. Nilikuwa nimetia mpira, nimebadili zipu, nimepiga pasi. Sketi kuukuu ile, nimeipiga pasi mara tatu.

Nilifunga mlango nikamtoa Kiazi chini ya kitanda. Bibi alipiga magoti. Akamshika tumbo kwa vidole, akahesabu kimoyomoyo, akanionyesha mkono: wanne. Hakulia mpaka hapo.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Maneno nilikuwa nayo tangu alfajiri. Lakini alitangulia.

“Wewe njo haukunikimbia. Wewe moja tu. Mungu akulinde, mutoto yangu.”

Nikasema amina.

Nilimsindikiza mpaka darajani, kwenye mto wa mpakani, Lhubiriha. Siku ya soko, watu wengi, wanampisha kwa mbali. Alivuka na sketi mpya-mpya ile. Hakugeuka, na mimi nilisimama mpaka askari akaniuliza nangoja nini.

Jumatano, 21 Januari

Nimeshona. Sina la kuandika.

Jumapili, 25 Januari

Biira kaniletea mkungu wa ndizi. Asante ya familia. Nilipokea kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu. Nimezigawa zote, sikula hata moja.

Niliuliza madereva wa upande wa pili habari za Bibi. Hawajui. Wanasema Masika wako wengi.

Jumamosi, 31 Januari

Sare zimekwisha, zimetundikwa ukutani kwa mstari. Jumatatu shule.

Kiazi amezaa asubuhi. Wanne. Watatu wa majivu.

Saa kumi Jeneti alikuja peke yake kuchukua gauni lake. Amekuwa mpole tangu msiba. Alilivaa juu ya nguo nyingine, nikamrekebisha kola. Akaomba hadithi, hata fupi. Nikamwambia zimekwisha. Akakaa tu kwenye baraza, anachezea vifungo.

Ndani kitoto kimoja cha paka kikalia. Kisauti chembamba, mara mbili. Jeneti akainua kichwa, akaniuliza ni nini.

Nikamwambia ni cherehani, inataka mafuta.

Cherehani ilikuwa imesimama, mguu wangu uko chini, uzi umekatwa. Aliitazama, akanitazama. Kisha akaitika na kurudi kwenye vifungo.